Paneli ya DSC PC1832 kwenye simu ya mezani: tathmini ya king'ora kinachopiga simu chenyewe

Paneli ya PC1832, yaani boksi lenye ubao unaoendesha king'ora chote, ni ya DSC, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 1979, na ni kifaa cha siku nyingi katika fani ya ving'ora vya nyumbani. Ubao wake una nafasi nane za kuunganishia sensa za milango, madirisha na mwendo, na unaweza kupanuliwa hadi nafasi 32. Ndugu yake mdogo, PC1616, huanza na sita na kuishia 16. Sifa hizo wauzaji wamezieleza vya kutosha, kwa hiyo sitakaa nazo. Tathmini hii inahusu skurubu nne tu zilizoandikwa TIP, RING, T-1 na R-1, yaani mahali ambapo simu ya nyumba huungana na king'ora, kwa sababu baada ya kukaa na mfumo huu nimeridhika kwamba skurubu hizo ndizo zinazoamua kama umenunua ulinzi au umenunua kelele.

Nyumba yetu iko Upanga, Dar es Salaam, na bado ina simu ya mezani ya waya wa shaba, kitu ambacho vijana wa hapa nyumbani hukichukulia kama pambo la sebuleni. Faida yake kwa king'ora ni moja, lakini ni kubwa: waya wa shaba huja na umeme wake kutoka kituo cha simu, takribani volti 48 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo umeme wa TANESCO ukikatika mtaa mzima, laini huendelea kuwa hai. Paneli nayo ina betri yake. Viwili hivyo vikiunganishwa sawasawa, unapata kifaa kinachoweza kuomba msaada gizani bila ruta, bila intaneti na bila mtu yeyote kukumbuka kununua bando.

Kuunganisha sawasawa maana yake ni mpangilio wa waya. Laini inayotoka kwenye nguzo inatakiwa ifike kwanza kwenye paneli, katika TIP na RING, kabla ya kugusa simu yoyote ya ndani. Kisha kutoka T-1 na R-1 ndipo waya mwingine uende kwenye simu za sebuleni na chumbani. Ndani ya paneli kuna relei, yaani swichi inayogeuzwa kwa umeme, ambayo siku za kawaida huipitisha laini kana kwamba paneli haipo, lakini king'ora kikianza, relei hiyo huzitenga simu zote za ndani na kuiteka laini kwa matumizi ya paneli peke yake. Mwizi akiinua mkono wa simu na kuulaza mezani, ambayo ndiyo mbinu rahisi kuliko zote ya kuifanya laini iwe bize, anakuwa hajafanya kitu. Paneli ikifungwa kwa njia ya mkato, sambamba na simu nyingine kwenye soketi yoyote iliyo karibu, itapiga simu vizuri siku zote za majaribio, na itashindwa siku ambayo mtoto ameacha mkono wa simu ukiwa umekaa vibaya.

Hapa ndipo kampuni iliyonifungia, ambayo jina lake nalihifadhi, inapopoteza alama. Fundi waliyemtuma alikuwa kijana mpole na mwenye mkono mzuri. Sumaku za milango alizipachika kwa usafi, na waya wote aliupitisha kwenye mifereji ya plastiki bila kuacha hata mmoja ukining'inia. Alipofika kwenye simu akataka kuchukua laini kwenye soketi ya sebuleni. "Mama, hapa tunaunga tu sambamba, haina shida, wateja wetu wote tunawafungia hivi," alisema. Nikamjibu, "Mwanangu, mchoro uliokuja na paneli hausemi hivyo, hebu tuusome wote." Tuliusoma, akampigia mkubwa wake, kisha akapanda darini kutafuta mahali waya wa nje unapoingilia. Kazi ikafanyika kama inavyotakiwa, lakini gharama ya waya mpya iliongezwa kwenye ankara, ilhali makubaliano ya maandishi yalisema kuunganisha simu ni sehemu ya kazi. Nililipa, na ninaandika hapa ili anayefuata aulize mapema.

Kwa soko la Marekani na Kanada kuna soketi maalumu ya shughuli hii, inayoitwa RJ31X, yenye pini nane: pini ya 4 na ya 5 huleta laini kwenye paneli, na pini ya 1 na ya 8 huirudisha kwenye simu za ndani. Uzuri wake ni kwamba ukichomoa plagi, vibati vya ndani ya soketi hugusana vyenyewe na simu za nyumba zikaendelea kufanya kazi. Kwetu soketi hiyo si ya kawaida, na mafundi hufunga waya moja kwa moja kwenye skurubu. Si kosa, ila siku paneli itakapong'olewa kwa matengenezo, nyumba nzima itakosa simu mpaka mtu aunganishe waya wa TIP na wa T-1, kisha wa RING na wa R-1. Mwambie fundi aweke alama kwenye kila waya, maana atakayekuja kutengeneza baadaye huenda asiwe yeye.

Jaribio lililonishawishi lilikuwa hili. Tulichomoa kwanza waya wa honi, kwa heshima ya majirani, tukawasha mfumo, tukauinua mkono wa simu ya sebuleni na kuulaza mezani ukitoa mlio wake wa kupigia, kisha nikafungua mlango wa nyuma. Muda wa kuingia ulipokwisha, relei ililia "ta" ndani ya boksi, ule mlio mezani ukakatika papo hapo, na baada ya kitambo kidogo simu yangu ya mkononi ikaanza kuita, namba ya nyumbani ikiwa imeandikwa kwenye kioo. Mtu yeyote anayefungiwa king'ora cha simu amtake fundi afanye jaribio hili mbele yake kabla ya kusaini karatasi ya kupokea kazi. Jaribio la kawaida la mafundi, la kubonyeza kitufe cha dharura huku simu zote zikiwa zimewekwa chini, halithibitishi mpangilio wa waya hata kidogo.

Lakini kupiga simu ni jambo moja, na kujieleza ni jambo jingine. PC1832 haina sauti ya mtu. Ikipangiwa kupiga namba za wenye nyumba, utaratibu wake ni kwamba ukipokea unasikia mlio wa kujitambulisha, unatakiwa ubonyeze namba fulani kwenye simu yako ili paneli ijue kwamba umepokea, kisha inakupigia mlio wa king'ora kwa sekunde 20. Hakuna maneno ya "nyumba ya Upanga imevamiwa", hakuna kuambiwa ni mlango upi. Dada yangu, ambaye namba yake ni ya pili kwenye orodha, alisikia milio, akakata akidhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa kuwa hakubonyeza kitu, paneli haikuhesabu kwamba imepokelewa, ikaendelea kupiga. Hilo ni jema, lakini mzee wa miaka 70 aliyeamshwa saa nane za usiku hawezi kutegemewa kukumbuka utaratibu huo. Kama nia yako ni kuwapigia ndugu tu, vipo vifaa vidogo vinavyorekodi ujumbe kwa sauti yako na kuupiga kwa namba kadhaa kwa zamu, na kwa kazi hiyo vinaishinda paneli hii.

Paneli hii ilitengenezwa kuzungumza na mashine, na huko ndiko inakong'aa. Unapojiunga na kampuni ya ulinzi yenye kituo cha uangalizi, paneli hupiga namba ya kituo, mashine ya kule hujibu kwa milio miwili ya kukaribisha, wa hezi 1400 na wa hezi 2300, na paneli hutuma taarifa yake kwa milio ileile ya vitufe vya simu. Mfumo wa taarifa unaotumika zaidi huitwa Contact ID, ulioanzishwa na kampuni ya Ademco ya Marekani, na kila taarifa ni mfululizo wa tarakimu 16: namba ya mteja, aina ya tukio, eneo na sensa iliyohusika. Namba 130 ni uvamizi, 110 ni moto, 301 ni kukatika kwa umeme wa nyumba, 302 ni betri kuishiwa nguvu. Mashine ya kituo ikishapokea hurudisha mlio wa kuthibitisha, na paneli hukata simu. Shughuli yote ni ya sekunde chache, na askari anayetumwa anajua kabla ya kufika kwamba ni dirisha la jikoni na si mlango wa mbele. Ipo pia namba 602, ya jaribio la kila baada ya muda. Uombe ipangwe kila siku, na umuulize mkuu wa kituo swali moja: jaribio lisipofika, nani ananipigia? Ukiona anababaika, tafuta kampuni nyingine, kwa sababu taarifa isiyofika ndiyo dalili pekee ya laini iliyokufa ambayo kituo kinaweza kuiona.

Na laini hufa. Masika inajaza maji kwenye masanduku ya maungio, wezi wa shaba hukata nyaya kwa ajili ya kuuza, na mwizi anayejua kazi yake anahitaji koleo tu kwenye waya unaoteremka ukutani. Hoja hii ndiyo hutolewa sana na wanaopinga king'ora cha simu ya mezani, nami nadhani nusu yake ni ya haki. Nusu nyingine inajibiwa na kipengele ambacho mafundi wengi hukizima. PC1832 hupima volti za laini kila baada ya sekunde 10, na zikishuka chini ya volti 3 kwa vipimo vilivyopangwa, inatangaza hitilafu: taa ya hitilafu inawaka kwenye kibao cha namba, na kibao kinalia mara mbili kila baada ya sekunde 10. Ukibonyeza nyota na 2, taa ya namba 3 inakuambia kwamba ni laini ya simu. Taa ya 4 ingemaanisha kwamba laini ipo lakini taarifa haikufika, na hayo ni matatizo mawili tofauti yanayotibiwa tofauti.

Mafundi hukizima kipengele hiki kwa sababu wateja hulalamikia kile kilio. Ninawaelewa, ila dawa si kuzima. Katika sehemu ya 015 ya mpangilio wa fundi, chaguo la 7 ndilo linalowasha upimaji wa laini, na chaguo la 8 ndilo linaloamua kitakachotokea laini ikikatwa wakati mfumo umewashwa: kibao kulia taratibu, au honi kubwa kupiga. Ukichagua honi, mwizi anayekata waya wa simu saa nane usiku anakuwa amekiamsha king'ora yeye mwenyewe kabla hajagusa mlango. Hapa kwangu kipengele cha honi kilikuwa kimezimwa siku ya makabidhiano, na nililazimika kumwita fundi arudi. Alikiwasha kwa dakika chache, bila malipo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora kuliko vyote katika muunganisho huu wa simu, na inasikitisha kwamba karatasi za mauzo hazikitaji.

Wenye intaneti ya shaba kwenye laini hiyohiyo ya simu wana jambo moja la ziada. Kichujio cha kutenganisha sauti na intaneti kinatakiwa kikae pale laini inapoingia, kabla ya paneli, ili tawi moja liende kwenye modemu na tawi lililochujwa liende TIP na RING. Kikikaa baada ya paneli, intaneti itakatika kila paneli inapoiteka laini, na mkwaruzo wa intaneti unaweza kuharibu milio ya Contact ID.

Suala la faiba ni zito zaidi, kwa kuwa waya wa shaba unaondoka mtaa kwa mtaa. Kifaa cha faiba kinachofungwa ukutani huwa na tundu la simu, na muuzaji atakuambia kwamba ni laini kama zamani. Kwa mazungumzo ni kweli. Kwa king'ora, hapana, si moja kwa moja: sauti sasa inasafiri kama vifurushi vya data, na ikibanwa sana ili kuokoa nafasi, kama mfumo wa G.729 unavyofanya, milio ya paneli hufika ikiwa imepotoka na mashine ya kituo huikataa. Mfumo wa G.711, usiobana kwa kiwango hicho, una nafasi nzuri zaidi ya kufanya kazi, kwa hiyo muulize mtoa huduma anatumia upi. Isitoshe, zile volti 48 za kituo cha simu hazipo tena. Umeme ukikatika, kifaa cha faiba kinazimika na simu inazimika nacho, isipokuwa ukikiwekea betri yake. Jamaa zetu walioko Uingereza wanalikabili hili kwa tarehe kabisa, maana laini za zamani za huko zimepangiwa kuzimwa ifikapo tarehe 31 Januari 2027, na wenye ving'ora vya simu wanatakiwa kuzungumza na kampuni zao kabla ya kuhamishwa.

Kuhusu umeme, onyo moja kwa wanaoletewa paneli na ndugu kutoka Amerika. Paneli yenyewe hula volti 16.5 za mkondo geu kupitia transfoma ya VA 40, na transfoma inayokuja kwenye katoni za huko ni ya umeme wa volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua, na pengine ubao nao. Nunua hapa transfoma ya kutoka 230 kwenda 16.5 na uache ile kwenye katoni. Betri ni ya volti 12 na Ah 7, ya aina ileile inayowekwa kwenye UPS ndogo, na huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Skurubu ya ardhi kwenye ubao nayo iungwe na ardhi ya kweli ya nyumba, kwa sababu waya mrefu wa simu juu ya nguzo huleta radi ndani. Fundi wangu alilifanya hili bila kukumbushwa, na ninampa alama zake.

Je, simu ya mezani inatosha peke yake? Kwa nyumba ya mjini, ningesema hapana. Nimeongeza kifaa cha GSM chenye laini ya simu ya mkononi kama njia ya pili, na paneli imepangiwa kukitumia endapo waya umekufa. Nacho kina udhaifu wake: mawimbi yanaweza kuvurugwa, salio linaweza kuisha, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na mtandao, hivyo jaribio la kila siku linaisaidia pia kubaki hai. Salio linahusu hata simu ya mezani ya malipo ya kabla, jambo ambalo watu husahau kwa kuwa paneli hupiga namba za mkononi kama mtu mwingine yeyote na hulipiwa kama mtu mwingine yeyote. Wapo wanaoacha waya kabisa na kubaki na GSM peke yake. Hawajakosea, ila wamebadilisha udhaifu mmoja kwa mwingine, na udhaifu wa GSM haujipimi kwa volti kila sekunde 10.

Kwa aliye na laini ya shaba iliyo hai na mkataba na kituo cha uangalizi, PC1832 ninaipa alama nne kati ya tano. Alama ya tano imepotea kwa kukosa sauti ya kuwaeleza wenye nyumba kinachotokea. Kwa anayetaka tu apigiwe simu akiwa kazini, ninaipa mbili, na ninamshauri anunue kifaa cha sauti cha bei nafuu zaidi. Kampuni iliyonifungia ninaipa tatu: mikono ya fundi ilikuwa mizuri kuliko maelekezo aliyopewa, na ile ankara ya waya bado haijarekebishwa. Atakayeamua kuitumia kampuni ya aina hiyo aandike kwenye mkataba, kabla ya kutoa malipo ya awali, kwamba laini ya nje itafika kwenye paneli kwanza, kwamba upimaji wa laini utawashwa pamoja na honi, na kwamba namba ya siri ya fundi itabadilishwa siku ya makabidhiano, kwa sababu ile ya kiwandani, 5555, inajulikana na kila kishoka mjini.